Jeraha la Upasuaji: Kutolewa Nyuzi si Kupona

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, uwe wa uzazi, wa ngiri au wa kidole tumbo, hutolewa nyuzi kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, kutegemea sehemu ya mwili. Wengi hudhani kuwa siku hiyo amepona. Ukweli ni kwamba ngozi hufunga mapema kuliko nyama iliyo chini yake.

Jeraha hupona kwa hatua. Kwanza damu huganda. Kisha, kwa siku chache, chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu. Ndiyo maana uvimbe mdogo na maumivu yanayopungua si jambo la kuogofya. Baadaye nyama mpya hujengwa kwa wiki kadhaa. Mwisho kovu hukazwa, kazi inayoweza kuchukua mwaka mzima, na hata hapo hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali.

Kwa hiyo aliyepasuliwa tumbo asiinue ndoo ya maji ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20 hivi, katika wiki 6 za mwanzo. Jamaa na majirani wamtekee.

Bandeji ya kwanza isifunguliwe kwa saa 48, isipokuwa imelowa au mhudumu ameelekeza vinginevyo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa jeraha, nalo likingwe dhidi ya vumbi la kiangazi cha Dodoma. Lisipakwe majivu, samadi, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Maharage, karanga, mayai na dagaa hujenga nyama; ubuyu huongeza vitamini C inayohitajika katika kuunda kovu. Mwenye kisukari adhibiti sukari, kwani ikizidi huchelewesha kupona.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa barani Afrika hadi wanawake 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya jeraha. Maambukizi yanaweza kujitokeza hata baada ya nyuzi kutolewa, hivyo jeraha lichunguzwe kila siku kwa siku 30. Dalili zake ni homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi au mshono kufumuka.

Mwenye dalili hata moja asisubiri tarehe ya kliniki wala kujinunulia dawa dukani. Arejee siku hiyohiyo alikofanyiwa upasuaji, au afike Kituo cha Afya Makole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.