Galaksi au kwasari: nani aliayonisha ulimwengu mchanga?

Swali: Nasoma kwamba galaksi na kwasari za kale zilivunja atomi za haidrojeni angani kote. Zipi hasa zilifanya kazi hiyo?

Jibu: Kwa haidrojeni, sifa kubwa naipa galaksi, hasa zile ndogo ndogo. Miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa, protoni zikashikana na elektroni, na anga ikajaa haidrojeni isiyo na chaji. Kuivunja atomi hiyo kunahitaji fotoni yenye elektronivolti 13.6 au zaidi, yaani mwanga mkali wa urujuanimno. Nyota kubwa za mwanzo, zenye joto kali na maisha mafupi, zilikuwa na mwanga huo tele. Kila galaksi ilijizungushia povu la gesi iliyoayonishwa, yaani iliyong'olewa elektroni. Mapovu yakapanuka, yakakutana, na baada ya takriban miaka bilioni 1 kazi ilikuwa karibu imekwisha.

Kwasari, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa sana, ndizo zilizotupa ushahidi wa lini kazi hiyo iliisha, na ushahidi wenyewe ni mzuri ajabu. Mwaka 1965 James Gunn na Bruce Peterson walionyesha kwamba haidrojeni isiyo na chaji, hata ikiwa kiasi kidogo sana, ingefyonza sehemu mahususi ya mwanga wa kwasari ya mbali na kuacha pengo. Mwaka 2001 wanaastronomia waliliona pengo hilo, ishara kwamba enzi ya kwasari hiyo haidrojeni isiyo na chaji ilikuwa bado ipo.

Ila kwasari zilikuwa chache mno enzi hizo. Zamu yao ilikuja baadaye, kwenye heli: elektroni yake ya pili haing'oki bila elektronivolti 54.4, na nyota nyingi hazina mwanga wa kutosha wa nguvu hiyo.