Maradhi ya Huzuni na Hukumu ya Kuyatibu

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu ametuletea masuala, nasi twaona yafaa yajibiwe hapa, kwa kuwa yaliyomfika yeye yamo majumbani mwa wengi. Asema mkewe alijifungua salama, akatoka arubaini, kisha akageuka. Hali wala halali. Mtoto akilia humtazama kama mtoto wa jirani. Sala huzisali huku machozi yakimtoka, na siku nyingine huziacha. Jamaa wa kuumeni wasema ana pepo, wataka apungwe. Wa kukeni wasema imani yake imepungua. Naye auliza: ni nani msema kweli? Na je, kumpeleka kwa daktari wa maradhi ya akili si kukosa kutawakali?

Jawabu letu ni kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa la hao wa pili ndilo litusikitishalo zaidi, kwa sababu limevaa nguo ya dini.

Qur'ani yenyewe yatusimulia huzuni za watu walio bora kuliko sisi. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yakaingia weupe, naye ni Mtume. Bibi Maryam, uchungu wa kuzaa ulipompeleka penye shina la mtende, alitamani lau angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Ni nani atakayethubutu kuipima imani ya hao? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib kwa kufuatana, mwaka ule ukaja kuitwa Mwaka wa Huzuni. Katika dua alizozikithirisha ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni. Na mtu hajikingi na jambo lisiloweza kumfika.

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu ni wa Imamu Ghazali. Mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095 Miladi, alikuwa mudarisi wa Nidhamiya ya Baghdad, sifa zake zimeenea, wala hajatimiza miaka 40. Asimulia mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal kwamba muda wa karibu miezi sita nafsi ilimvuta huku na huku, mpaka ulimi ukafungika, asiweze kusomesha hata neno moja. Kisha huzuni ikamtanda moyoni, chakula na kinywaji visimshuke, nguvu zikamwisha. Matabibu wakaletwa, wakaona kwamba lililomfika limeanzia moyoni ndipo likaingia mwilini. Hatusemi kwamba maradhi yale ndiyo haya ya mke wa ndugu yetu. Twasema kwamba mwanachuoni wa cheo kile alifikwa, akatazamwa na matabibu, na wala hakuona haya kuyaandika.

Kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Humo aligawanya huzuni mafungu mawili: iliyo na sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na isiyo na sababu ambayo mwenyewe aijua. Ya pili aliona asili yake imo mwilini, hivyo yataka mwili utibiwe pamoja na nafsi kuliwazwa. Matabibu wa leo hawaelezi kama alivyoeleza yeye habari za damu, lakini mgawanyo wake wafaa hata sasa. Mwanamke akiisha kuzaa, homoni zilizokuwa nyingi mwilini hushuka ghafula, na usingizi humpotea kwa kunyonyesha usiku. Wengi hulia siku za mwanzo, kisha hali ile huondoka katika muda wa wiki mbili. Ikizidi hapo, ikamwondolea hamu ya kula na ya kumlea mwanawe, hiyo si deko. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wazazi wapya kama 13 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili, na yaliyo mengi ni haya ya huzuni, ambayo siku hizi huitwa sonona.

Ama habari za pepo, sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Tunalolikanusha ni kila ugonjwa tusioujua kutupiwa wao, kisha ikapigwa ngoma, vikauzwa vyombo vya ndani kwa ajili ya mbuzi na buhuri, na mgonjwa akabaki vile vile na nyumba haina kitu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea ni jema, wala halimzuii mtu kwenda kwa daktari. Mtume ametufundisha kwamba hapana ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake, akaamrisha watu wajitibu. Na yule aliyeuliza amwache ngamia wake atawakali, aliambiwa amfunge kwanza.

Wengi wetu tukisikia habari za daktari wa akili huikumbuka Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu. Hofu hiyo tumeirithi kwa wazee. Leo hapa Mombasa hospitali kuu ya Pwani na ile ya Port Reitz zina wahudumu wa maradhi haya, na wagonjwa wengi hutazamwa wakarudi majumbani mwao siku ile ile. Matibabu ni mazungumzo, au dawa, au yote mawili. Dawa hukawia wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Basi asiziache siku ya tano akasema hazifai, wala asizikatize ghafula apatapo nafuu.

Akitamka kwamba ataka kufa, au kwamba amwogopea mtoto na mikono yake mwenyewe, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Wako wanaoficha kwa kuogopa polisi. Na wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu kuwa kifungu cha sheria kilichomfanya mwenye kujaribu kujiua kuwa mkosa chapingana na Katiba.

Ndugu yetu aliuliza pia habari za kunyonyesha na za kufunga Ramadhani. Zimo dawa ambazo mama aweza kuzitumia naye anyonyesha. Amwambie daktari tangu mwanzo. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kwa nassi ya Suratul Baqara. Huyu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Atakaye kufunga amwulize daktari kwanza kama saa za dawa zaweza kugeuzwa, hasa atumiaye lithiamu, kwani mwili ukikauka maji dawa hiyo huweza kugeuka sumu. Na zile sala alizoziacha, asikaripiwe kwazo sasa. Apone kwanza, kisha aje yeye au mumewe, tutazame pamoja ni zipi zinazompasa kulipa.