Kisukari, Sonona na Mawasiliano ya Ubongo

Mnamo mwaka 1674 tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa wa kisukari una utamu kama uliotiwa asali. Alitaja pia huzuni ya muda mrefu kuwa miongoni mwa vyanzo vya maradhi hayo. Ni Willis huyo huyo aliyekwisha kueleza, miaka kumi nyuma, duara la mishipa ya damu lililo chini ya ubongo, ambalo hata leo huitwa kwa jina lake. Sukari, huzuni na ubongo vilikuwa mikononi mwake vyote vitatu, ila hakuwa na chombo cha kuvichunguza pamoja.

Katika kisukari cha aina ya pili, seli za mwili huwa hazisikii vema amri ya homoni ya insulini, na kongosho hushindwa kufidia upungufu huo. Ubongo hauwezi kusalimika na hali hiyo. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na nishati hiyo hutokana hasa na glukosi.

Sonona si huzuni ya kawaida ya kufiwa au kufeli mtihani. Ni hali inayodumu majuma mawili au zaidi, ambamo mtu hupoteza furaha na hamu ya mambo, na usingizi wake, ulaji wake na nguvu zake huvurugika. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wenye sonona walikuwa na hatari ya baadaye kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi ya wengine kwa asilimia 60 hivi. Na wenye kisukari walikuwa na hatari ya kupata sonona iliyozidi kwa asilimia 15 hivi. Njia basi ni ya pande mbili, na upande alioutaja Willis ndio ulioonekana kuwa na nguvu zaidi.

Je, ubongo una nafasi gani hapo? Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba mashine ya sumaku yaweza kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni ndani ya ubongo. Sehemu inayofanya kazi huletewa damu zaidi, na ishara yake hubadilika. Kisha mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake waligundua kwamba, mtu akiwa ametulia tu, sehemu za kulia na za kushoto zinazoendesha mikono hupanda na kushuka pamoja, kwa mawimbi ya polepole yanayochukua sekunde kumi au zaidi kila moja. Kupanda na kushuka pamoja huko ndiko wataalamu wanakokuita muunganiko.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa karatasi ya grafu. Wanafunzi wachore mistari miwili ya namba zinazobadilika, kisha waamue kama inakwenda sambamba. Halafu awaulize: taa mbili zikififia kwa wakati mmoja, je, waya umetoka taa moja kwenda nyingine, au zote mbili zalishwa na mtambo mmoja? Swali hilo dogo limewasumbua watafiti wakubwa.

Tafiti kadhaa zimeona kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, muunganiko umelegea katika mtandao unaofanya kazi mtu anapopumzika na kuwaza mambo yake mwenyewe. Katika sonona, mtandao huo huo umeonekana kuwa na tofauti, pamoja na mawasiliano kati ya sehemu za mbele za ubongo, zenye kutawala, na sehemu za ndani zinazohusika na hisia. Mahali magonjwa haya mawili yanapokutana ndipo panapotafutwa sasa. Hata hivyo, tafiti nyingi za namna hii huwa na watu makumi tu, na matokeo yake hayapatani kila mara.

Kuna mtego mwingine, nao kwa maoni yangu ndio mkubwa. Mashine haipimi neva, hupima damu. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu. Ishara ikififia, yawezekana neva zimeacha kuwasiliana, au zinawasiliana kama kawaida ila mishipa imeshindwa kuitikia. Ndiyo maana watafiti makini hupima pia mtiririko wa damu, na nyuzi za maada nyeupe zinazounganisha sehemu za ubongo. Kujua kipi kilitangulia kwahitaji kuwapima watu wale wale kwa miaka mingi.

Kwa sasa picha hizo hazitumiki kumtambua mgonjwa mmoja mmoja; tofauti zake ni za wastani wa makundi. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo na maswali, na hapo pana ugumu wake, kwani uchovu na usingizi mbaya vyaweza kuletwa na sukari yenyewe. Nyumbani mgonjwa huitwa mvivu. Huacha dawa, hula ovyo, sukari hupanda, na mishipa ile ile huzidi kuumia. Tiba ya mazungumzo na dawa za sonona zimethibitika kuwasaidia wenye kisukari pia, na mazoezi ya mwili huyafaa maradhi yote mawili.