ALFAJIRI NA MASOMO YA ASUBUHI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darasa la Ijumaa hii ni kwa vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Kisangani na vyuo vingine vya mji. Wazazi nao wasikilize. Wengi mnatuambia kwamba mnashindwa kuamka. Alfajiri inapita, mwalimu anaanza somo, wewe bado uko ndani ya chandarua. Kijana wa Lubunga kwanza avuke mto, kisha atafute toleka au pikipiki. Akichelewa kidogo nyumbani, anachelewa sana darasani. Akikosa masomo anaanguka mtihani, na mwaka ambao mama aliulipia kwa kuuza sokoni unapotea.

Tusiharakishe kumwita mvivu. Umeme umekatika tangu Magharibi, umerudi saa 5 ya usiku, naye akaona ndiyo nafasi ya kusoma. Tena waganga wanaeleza kwamba usingizi wa kijana unachelewa kuja kuliko wa mtoto au wa mzee.

Sikiliza basi habari iliyopokewa na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirudi kutoka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, alipumzika usiku na masahaba, akamweka Bilal (r.a.) alinde alfajiri. Bilal akaegemea kipando chake, uso kuelekea mapambazuko, usingizi ukamshinda. Wote waliamshwa na joto la jua. Mtume hakumtukana. Aliwaondoa mahali pale, wakasali. Na katika safari kama hiyo alifundisha kwamba uzembe hauko katika kulala. Uzembe ni wa mtu aliye macho.

Angalia: kabla ya kulala waliweka mlinzi. Wewe uliweka nani? Uzembe wako haukuanza saa 11 ya alfajiri, maana ulikuwa usingizini. Ulianza saa 4 ya usiku, ulipokuwa macho na telefone mkononi, unacheka na rafiki.

Utasema: mimi nilikesha kwa elimu. Ni kweli, wanazuoni wameruhusu mazungumzo ya elimu baada ya Isha, ingawa Mtume alichukia maongezi ya wakati ule. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alimkosa Sulaiman bin Abi Hathma katika Sala ya Alfajiri. Akipita kwenda sokoni akamwuliza mama yake, Bibi Shifaa. Mama akajibu kwamba kijana alikesha akisali, macho yakamshinda. Umar akasema kwamba kwake kuhudhuria Alfajiri na jamaa kunapendeza zaidi kuliko kusali usiku kucha. Ikiwa Sala ya usiku ilipimwa hivyo, daftari lako je?

Sisi tuna rehema moja: tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa 12 na robo, likitangulia au kuchelewa kama robo saa tu. Ndugu zetu wa Brussels wanaliona kabla ya saa 12 mwezi wa Juni, na baada ya saa 2 na nusu mwezi wa Desemba. Mwili wa hapa unaweza kuzoea saa moja ile ile. Basi lala mapema, usome baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa chepesi. Telefone iweke mbali na kitanda, ili ikilia usimame. Wanafunzi wawili wa njia moja wagongeane dirisha.

Nanyi akina mama, hadithi ya mume na mke kuamshana inataja kunyunyiza maji usoni. Haikutaja ndoo.

Ijumaa ijayo, insha'Allah: namna ya kulipa Sala zilizopita. Wassalamu alaikum.