Jinsi ya Kuandaa Mazungumzo ya Afya ya Akili Kijijini

Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Huku Newala na Masasi siku hiyo huangukia msimu wa korosho, watu wakiwa mashambani au kwenye mizani ya chama cha msingi. Elimu ya afya ya akili inaweza kuwafuata hukohuko, bila ukumbi wala kiingilio. Muhimu ni kuwa na jibu la swali la kila aliye na mgonjwa nyumbani: kesho nimpeleke wapi?

Kabla ya siku yenyewe

Toa taarifa kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kupitia zahanati, omba muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Ulizia hospitali iliyo karibu, iwe Mkomaindo mjini Masasi, Ndanda au ya Newala, inapokea wagonjwa wa akili siku zipi na gharama zikoje. Chagua wakati ambao watu tayari wamekusanyika: kliniki ya mama na mtoto, baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili. Waalike waganga wa jadi pia, maana familia nyingi huanzia kwao. Waombwe kuwaelekeza wagonjwa hospitali na kuacha kuwafunga kamba.

Mambo ya kueleza

- *Sonona.* Huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukipotea na kazi ikimshinda mtu, ni ugonjwa unaotibika. Mama aliyejifungua naye anaweza kuupata.
- *Kuchanganyikiwa.* Anayesikia sauti wasizozisikia wengine anahitaji matibabu mapema. Asizomewe wala kupigwa.
- *Kifafa.* Hakiambukizi. Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni.
- *Nipa na uraka.* Mabibo yakiiva, pombe hizi huwa tele. Mlevi wa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, hata kupata degedege. Huyo awahishwe hospitali.
- *Kujiua.* Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na dawa za kupulizia mikorosho zifungiwe kwa kufuli.

Faragha

Usimsimamishe mtu atoe ushuhuda wa mgonjwa wake, kwani kijijini siri haina pa kujificha. Weka benchi pembeni, mtaalamu aketi hapo baada ya mazungumzo. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alifundisha akina bibi kusikiliza watu wenye msongo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mtu mzima anayeheshimika na anayetunza siri anaweza kufundishwa kazi hiyo hata kwetu.

Kabla watu hawajatawanyika

Andika kwa herufi kubwa jina la hospitali, siku ya kliniki, na namba za bure: 199 ya Wizara ya Afya na 116 ya huduma kwa watoto. Bandika nakala zahanati, ofisi ya kijiji na ghalani. Baada ya mwezi, rudi uulize zahanati ni wangapi wamefika, bila kutaja majina. Kama hakuna aliyefika, tafuta kilichowazuia, iwe nauli, aibu au dawa kukosekana, na mazungumzo yajayo yaanzie hapo.