Akiba Haiozi: Somo la Kugandisha Chakula



Mkulima wa karafuu na mkulima wa korosho ni ndugu kwa jambo moja: fedha zao huja kwa msimu. Sisi twachuma, twaanika, twauza. Wenzetu wa Masasi na Newala huokota korosho tangu mwezi wa Oktoba, nao husubiri mnada. Fedha ikishaingia, kapu la sokoni hujaa samaki, nyama na mboga. Asiyejua kuhifadhi hutupa sehemu yake jaani, na fedha iliyotupwa jaani hairudi mpaka msimu mwingine.

Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika katika siku mbili au tatu. Kwa hiyo watu wa Uwanda wa Makonde huumenya, huukata na kuuanika ukawa makopa. Jua huondoa maji. Leo mwenye umeme ana njia ya pili, nayo ni friza, ambayo huyagandisha maji hayo. Kwa njia zote mbili, vijidudu vya uozo hukosa maji ya kustawia. Lakini tukumbuke kwamba baridi hulaza vijidudu, haiviui. Chakula kikiyeyuka, navyo huamka.

Basi tushike haya:

1. Tugandishe chakula kingali kizima. Samaki aliyekwisha kunuka hatengenezwi na baridi.

2. Tugawe kwa kiasi cha mlo mmoja, tufunge vizuri hewa isiingie, na tuandike tarehe. Cha zamani kitangulie kuliwa.

3. Mboga za majani tuzichovye katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha katika maji baridi, tuzikamue ndipo tuzigandishe.

4. Muhogo mtamu tuumenye, tuuoshe na kuukata. Siku ya kupika utiwe chunguni ungali na barafu.

5. Nyama na samaki viyeyuke ndani ya jokofu, si mezani. Kilichoyeyukia nje kwenye joto kisirudishwe katika friza.

6. Baridi iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe: friza iliyojaa huweza kuhifadhi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Muhogo mchungu una sumu, na baridi haiiondoi. Mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu wa wilaya ya Masasi walidhurika kwa kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, bila kufuata hatua zote za desturi. Basi muhogo mchungu usiingie katika friza kwa kudhani kwamba umetengenezwa. Njia yake ni ile ya wazee, na isikatizwe.

Mwisho, tupige hesabu. Friza hula umeme usiku na mchana, na iliyo nusu tupu ni hasara. Jirani wawili au watatu waweza kushirikiana katika moja, kila mtu na alama yake. Asiye na umeme asione haya: jua linalokausha karafuu zetu hukausha pia dagaa na muhogo, wala halidai ada.

Wazee walisema, akiba haiozi. Nasi twaongeza: haiozi kwa aliyeitunza.