KOMPYUTA YA KWANZA YA MICHEZO: TUUNDE AU TUNUNUE?



Kupanga ni kuchagua. Katika makala haya nataka tulijadili swali ambalo siku hizi halikosi kusikika chini ya mwarobaini wakati wa chakula cha mchana. Je, kijana wa Garsen anayetaka kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu anunue iliyo tayari, au anunue vipande kimoja kimoja aunde mwenyewe?

Wapo wanaodhani kwamba hili ni jambo la mchezo tu. La hasha! Hapa pana hesabu, pana fizikia, na pana pesa ambazo zikipotea hazirudi. Kaka yangu na mimi tumeweka akiba ya shilingi 50,000, yeye kwa bodaboda na mimi kwa kuuza maembe kando ya barabara pale Minjila. Mama naye ametuambia waziwazi: hizo zikiharibika, hakuna nyingine. Isitoshe, ametaka mashine hiyo iweze pia kupiga chapa kazi za shule. Ndiyo maana nimelichunguza jambo hili, nikauliza mafundi, na sasa nawaletea niliyoyapata.

1. KWA NINI KOMPYUTA HUUNDIKA

Sisi watu wa Mto Tana tunajua vyombo vya aina mbili. Uko mtumbwi, ambao huchongwa kutoka gogo moja. Ukipasuka vibaya tumboni, huwezi kuutoa ubavu mmoja ukatia mwingine. Halafu kuna mashua kama zile za Kipini, mto unakoingia baharini. Mashua huundwa kwa mbao nyingi, na ubao mmoja ukioza fundi huung'oa akaweka mpya.

Kompyuta ya kubeba mkononi, yaani laptopu, ni kama mtumbwi. Sehemu zake nyingi zimegandishwa pamoja. Kompyuta ya mezani ni mashua. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya kibinafsi tarehe 12 Agosti 1981, ikiwa imeundwa kwa sehemu nyingi zilizotoka kwa makampuni mengine, mtindo huo wa kuunganisha vipande umeenea duniani. Mwaka wa 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa ubao mkuu, mahali pa skrubu zake na namna umeme unavyoingia. Kwa sababu ya kipimo hicho, ubao uliotengenezwa na kampuni moja huingia katika kasha la kampuni nyingine.

2. VIUNGO VYAKE

Kabla ya kuamua, tujue tunanunua nini.

(a) Prosesa: ndiyo akili. Hufanya hesabu zote.
(b) Ubao mkuu: hapa ndipo viungo vyote hukutana.
(c) RAM: kumbukumbu ya muda. Kwa gemu za siku hizi gigabaiti 8 ni za kubanabana. 16 ni afadhali.
(d) Diski: ghala. Diski ya SSD ni ya kasi kuliko ile ya zamani inayozunguka.
(e) Kadi ya picha: ndiyo huchora mchezo kwenye skrini. Kompyuta ya ofisi na ya gemu hutofautiana hasa hapa.
(f) Pawa: kisanduku kinachopokea stima ya volti 240 ukutani na kuigawa kwa volti ndogo ndogo.
(g) Kasha: nyumba ya vyote.

3. HOJA ZA KUUNDA

Wanaotetea kuunda wana hoja nzuri. Kwanza, unachagua kila kipande, hivyo hakuna anayekufichia pawa dhaifu ndani ya kasha linalometameta taa. Pili, unajifunza. Aliyeunda kompyuta kwa mikono yake haogopi kuifungua siku ikigoma. Tatu, kila kipande kipya kina dhamana yake, na baadaye unaweza kubadilisha kimoja bila kugusa vingine.

Lakini tuangalie mfano wa hesabu. Bei hubadilika kila mara, kwa hivyo tarakimu hizi ni za mfano tu:

Prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake: sh. 18,000
Ubao mkuu: sh. 11,000
RAM ya gigabaiti 16: sh. 12,000
Diski ya SSD: sh. 6,000
Kasha na pawa: sh. 9,000
Jumla: sh. 56,000

Hapo hujanunua skrini, kibodi wala kipanya, na kadi ya picha ya kando haimo. Jambo jingine ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza bidhaa zao kwa mitambo mikubwa ya akili unde. Mtu anayenunua RAM mpya peke yake huona uchungu huo moja kwa moja. Anayenunua kompyuta iliyotumika huikuta RAM tayari imo ndani.

4. HOJA ZA KUNUNUA

Kuna kompyuta nyingi zilizotumika maofisini ng'ambo ambazo huletwa Mombasa na Nairobi kuuzwa tena. Wafanyabiashara huziita "ex-UK" hata kama hazikutoka Uingereza. Hizi ni nafuu, zina prosesa nzuri, na zimekwisha kuunganishwa.

Hata hivyo, kwangu mimi hoja kubwa haiko katika bei. Iko katika ugonjwa. Tuseme umeunda kompyuta, umebonyeza swichi, na kimya. Hakuna kitu. Je, mbovu ni pawa, ni RAM, ni ubao mkuu au ni prosesa? Fundi hupata jibu kwa kutoa kipande kimoja na kutia kingine kizima mahali pake. Yaani ili kukijua kipande kigonjwa, lazima uwe na kipande kizima cha kulinganishia. Aliye Nairobi, mitaa ya Luthuli Avenue, hutembea hatua chache akaazima. Wewe wa Garsen utazipanga sehemu zako ndani ya boksi, upande basi hadi Malindi au Mombasa, na pengine uambiwe urudi wiki ijayo. Nauli mbili tatu za namna hiyo zinakula ile faida yote uliyodhani umeipata kwa kuunda.

Ukinunua kompyuta ambayo umeiona ikiwaka na kucheza mbele ya macho yako, walau unajua kwamba viungo vyake vinaelewana.

5. MITEGO YA KOMPYUTA ZA OFISI

Hata hivyo usikimbilie tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuna mitego minne.

Mtego wa kwanza ni umri. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft, hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Utajuaje kizazi? Soma namba. Core i5-4570 ni ya kizazi cha nne; Core i5-8500 ni ya kizazi cha nane, nayo ina viini sita. Muuzaji akikwambia "hii ni i5, mdogo wangu", muulize: i5 ya ngapi?

Mtego wa pili ni kasha jembamba. Kadi nyingi za picha ni ndefu kwa kimo na haziingii humo. Tafuta kasha pana la kusimama.

Mtego wa tatu ni pawa. Katika kipimo cha ATX, waya mkubwa unaoingia ubao mkuu una matundu 24. Lakini kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP za miaka ya karibuni zina plagi za namna yao zenye matundu machache. Maana yake, pawa ikiungua huwezi kutia ile ya kawaida ya dukani bila kiunganishi maalumu. Kwa hivyo omba kasha lifunguliwe, uhesabu matundu kabla ya kuhesabu pesa. Ukikuta ni machache si lazima uikatae, ila ujue unachokinunua.

Mtego wa nne ni nguvu. Soma kibandiko cha pawa uone wati zake. Tuseme imeandikwa wati 260. Prosesa ya i5-8500 imepimwa wati 65. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu, kwa kanuni, hutoa hadi wati 75, na kadi kama GTX 1650 ina matoleo yanayotosheka na hizo bila waya wa ziada. Weka wati 40 za diski, feni na mengineyo. Jumla ni 180. Zimebaki 80, na mashine inapumua. Lakini ukitia kadi kubwa ya wati 200 humo, unataka punda abebe mzigo wa lori.

6. STIMA, JOTO NA MAJI

Haya hayaandikwi katika matangazo ya biashara, nasi ndiyo yanayotukuta.

Laini kubwa ya umeme ya volti 220,000 kutoka Rabai kwenda Lamu hupitia hapa kwetu Garsen. Hata hivyo stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Kompyuta ya mezani haina betri, basi ni vyema kuwa na UPS ili uweze kuizima kwa taratibu. Tahadhari: UPS iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650. Nyingi hutoa zaidi kidogo ya nusu tu.

Matumizi nayo yana hesabu yake. Mashine ikivuta wati 200 kwa saa tano, imekula yuniti moja ya tokeni. Anayecheza kila siku ajue kwamba tokeni za mama zinasonga.

Kuhusu joto, prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza mwendo yenyewe, na mchezo huanza kukwamakwama. Vumbi letu huziba feni. Fungua kasha na kulisafisha kwa brashi laini kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani.

Halafu kuna mto wenyewe. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha watu wengi wa kaunti yetu. Kompyuta isikae sakafuni. Na mwenye nyumba ajue ataibebaje siku maji yakija.

Jambo la mwisho ni intaneti. Gemu moja tu, EA Sports FC 24, lilihitaji nafasi ya gigabaiti 100 katika diski. Kwa bando za simu hiyo ni pesa nyingi, basi hesabu ya kompyuta iwe na fungu la gemu zenyewe.

7. UAMUZI

Sasa tupime ile akiba ya sh. 50,000, tena kwa tarakimu za mfano: kompyuta ya ofisi ya kizazi cha nane yenye kasha pana, pamoja na kibodi na kipanya, sh. 22,000, kadi ya picha iliyotumika, sh. 14,000, skrini iliyotumika, sh. 5,000, UPS, sh. 6,000. Jumla ni sh. 47,000. Zimebaki 3,000 za nauli. Kwa pesa zile zile, kuunda kungetuacha na kasha bila skrini.

Basi rai yangu ni hii: kwa mtu wa huku kwetu, kompyuta ya kwanza inunuliwe, ya pili iundwe. Ila kuna sharti moja. Kila unachokiongeza juu ya ile ya kwanza kiwe ni kitu cha kuhama. Mfugaji huchagua vyombo ambavyo vitapanda juu ya mnyama siku ya kuhama, na sisi tuchague hivyo hivyo. Skrini, UPS, diski ya SSD na kadi ya picha vitahamia kwenye kompyuta utakayoiunda baadaye. RAM yaweza kuhama pia ikiwa ubao mpya ni wa aina ile ile. RAM ya DDR4 haiingii katika ubao wa DDR5. Kwa njia hiyo hutupi kitu. Bandu bandu huisha gogo, na siku moja utagundua kwamba kilichobaki cha kununua ni ubao, prosesa, pawa na kasha tu. Hapo utakuwa umejifunza kufungua na kufunga, na mashine ya zamani itakuwepo ya kulinganishia vipande vigonjwa. Ile shida kubwa ya fundi wa Garsen itakuwa imekwisha.

Kabla ya kulipa, iache mashine icheze gemu nusu saa dukani, usikilize feni, na uandikiwe risiti yenye siku za dhamana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza kwa nini mwandishi anafananisha laptopu na mtumbwi.
2. Kompyuta ina prosesa ya wati 84, kadi ya wati 75 na vifaa vingine vya wati 40. Je, pawa ya wati 180 inatosha? Onyesha hesabu.
3. Mashine huvuta wati 150. Ikitumika saa nne kila siku, itakula yuniti ngapi kwa siku 30?
4. Jadilini katika makundi: "Ni heri kuunda kuliko kununua."

Mwenye hoja tofauti asinung'unike pembeni, ailete chamani Ijumaa tuijadili.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu